Umebonyeza, Mtoto Amekwisha Kugeuka



Mama anapokwenda dukani kununua kamera, swali lake la kwanza huwa ni, "Ina megapikseli ngapi?" na la pili ni bei. Muuzaji hujibu yote mawili kwa furaha, maana megapikseli zimeandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa, na bei anaipanga mwenyewe. Lipo swali la tatu ambalo sisi tungependa liwe la kwanza, nalo halijaandikwa popote kwenye boksi: nikibonyeza kitufe, kamera hii inapiga saa hiyo hiyo au inakaa kwanza ikifikiri?

Waliowahi kumiliki kamera ndogo ya dijitali wanaifahamu shida hii, hata kama hawajui iitweje. Mtoto anacheka, meno yake mawili ya kwanza yanaonekana. Mama anabonyeza. Kamera inanyamaza, lenzi inalia kama mbu, inatoka mbele, inarudi nyuma, ndipo inapiga. Kwenye picha kuna kisogo cha mtoto na kipande cha sikio. Mama anajaribu tena, sasa mtoto ameinama. Mara ya tatu mtoto amechoka na anataka kulia. Baba watoto anaichukua kamera, anaitazama picha, anasema, "Wewe hujui kupiga, unatikisika." Na mama anakubali! Tumewasikia akina mama wengi wakisema kwamba mkono wao si wa kamera, hata wakaacha kabisa kuishika, wakaiachia mikono ya mashemeji na wajomba. Kumbe mkono hauna kosa. Picha ilichelewa ndani ya kamera yenyewe.

Tuupime ucheleweshaji huo ili tujue ukubwa wake. Mtoto wa miaka mitatu au minne anayemkimbilia baba yake anakwenda kama mita 2 kwa sekunde moja. Kamera ikichelewa nusu sekunde, mtoto amesogea mita nzima, na huenda ametoka nje ya picha. Kupepesa jicho huchukua sehemu moja hadi nne za kumi za sekunde. Tabasamu la mtu mzima asiyependa kupigwa picha halidumu sana kuliko hapo. Na sisi wenyewe, tangu jicho lione jambo hadi kidole kibonyeze, tunatumia kama robo ya sekunde. Robo hiyo ni ya mwili na hakuna fundi wa kuiondoa. Kinachotuhusu dukani ni ile inayoongezwa na mashine juu yake.

Ni vyema kufahamu inatoka wapi. Kamera ya kwanza ya dijitali ilitengenezwa mwaka 1975 na mhandisi kijana wa kampuni ya Kodak huko Marekani, Steven Sasson. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 4, picha yake ilikuwa nyeusi na nyeupe, na kuihifadhi picha moja kwenye mkanda wa kaseti kulichukua sekunde 23. Kwa hiyo kamera hizi zilizaliwa zikiwa na mwendo wa taratibu. Miaka ya 2000 ilipoanza, na kamera ndogo za kuweka mfukoni zikaenea duniani, sekunde 23 zilikuwa zimekwisha, lakini nyingi bado zilichelewa nusu sekunde au sekunde nzima ukibonyeza kwa mkupuo, na penye giza zaidi ya hapo.

Wazee wetu waliotumia kamera za filamu za kuzungusha kwa mkono hawakuijua sana shida hii. Mpiga picha wa studio aliweka umbali mwenyewe, akaweka mwanga mwenyewe, akamwambia mama anyooshe shingo. Alipobonyeza hakuna kilichobaki ila kufungua na kufunga, klak! Kamera ya dijitali inayofanya yote yenyewe ina kazi nyingi za kumaliza baada ya kidole chako kushuka. Inapima mwanga, inatafuta umbali ili picha isiwe na ukungu, inaandaa kile kidude cha ndani kinachopokea picha, na ikibidi inawasha flashi.

Kazi inayokula muda mwingi kuliko zote ni ile ya kutafuta umbali. Kamera ndogo za miaka ile zilitafuta kwa njia ya mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya kuzungusha. Unazungusha, sauti inakuja vizuri, unaipita, inaanza kukwaruza, ndipo unajua kwamba pale ulipopita ndipo palikuwa penyewe, unarudi. Lenzi nayo hufanya hivyo hivyo, inakwenda na kurudi hadi ione mistari ya picha imekaa wazi. Ule mlio wa mbu ndio huo. Kamera kubwa za kubadilisha lenzi hazikutafuta hivyo. Tangu Minolta walipotoa kamera yao ya 7000 mwaka 1985, kamera za aina ile zilizidi kutumia njia ya kulinganisha mwanga unaopita pande mbili za lenzi, kama sisi tunavyokadiria umbali kwa macho mawili, zikajua mara moja lenzi iende wapi na kwa kiasi gani. Ndiyo maana mpiga picha wa harusi anabonyeza na picha inatoka papo hapo, wakati wewe uliye kando yake unasubiri. Mwaka 2010 Fujifilm waliiingiza njia hiyo katika kamera ndogo pia, na kamera nyingi nzuri za leo zinayo, hata za simu.

Sasa mtaona kwa nini megapikseli hazisaidii hapa. Megapikseli ni wingi wa vinukta vinavyoiunda picha. Kamera yenye nyingi itakupa kisogo cha mtoto kilicho safi zaidi, lakini ni kisogo. Vivyo hivyo muuzaji akikwambia ununue kadi yenye kasi kubwa, mwulize kasi hiyo ni ya nini. Kadi nzuri huifanya kamera imalize haraka kuihifadhi picha iliyokwisha kupigwa, ili iwe tayari kwa ya pili. Kuchelewa kwa ile ya kwanza kadi haikuguswi.

Tukija kwenye dawa, tunaanza na ile isiyogharimu hata shilingi, kwa sababu inafanya kazi hata kwenye kamera ambayo tayari iko kabatini kwako. Kitufe cha kupigia picha kina hatua mbili. Wengi hawajui hilo, maana wanakibonyeza kama kengele ya mlangoni. Weka kidole, kishushe polepole, utahisi kinagoma kidogo katikati. Ishia hapo. Kamera itatafuta umbali na kupima mwanga, kisha itakuonyesha kibox cha kijani kwenye kioo au italia "pii". Usiachie kidole. Kaa hapo hapo, mtazame mtoto, subiri. Kicheko kikija, malizia kubonyeza. Picha itatoka ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde au chini ya hapo, kwa kuwa kazi nzito yote imekwisha kufanyika. Kamera ambayo watu waliiita mbovu inakuwa kama imebadilishwa moyo.

Jizoezeni nyumbani kabla ya siku yenyewe. Wekeni kikombe mezani, bonyezeni nusu, hesabuni hadi kumi bila kuachia, malizieni. Mara ya kwanza kidole kitapitiliza. Baada ya mara ishirini kitazoea, kama vile mkono wa muuguzi mwanafunzi unavyozoea kusukuma dawa ya sindano taratibu. Mkumbuke tu kwamba kamera imeushika ule umbali uliokuwepo ulipobonyeza nusu. Mtoto akisogea karibu zaidi, au wewe ukipiga hatua mbele, achia na uanze upya, la sivyo atatoka na ukungu.

Chukueni ubatizo. Tukio zima linalotafutwa ni pale maji yanapogusa kichwa cha mtoto na mtoto anakunja uso. Ni mara moja tu, na hakuna mchungaji atakayerudia kwa ajili ya kamera. Ukisubiri mpaka uone maji ndipo ubonyeze kwa mkupuo, utapata picha ya kitambaa kikimfuta. Basi fika mapema na usimame mahali ambapo hutahama. Mama mbatizaji anapomshika mtoto juu ya birika, bonyeza nusu na ushikilie. Ukisikia jina la mtoto likitajwa, anza kuutazama mkono wa mchungaji. Maji yanapoondoka mkononi, malizia.

Kuna mtego mmoja katika siku kama hiyo. Nguo ya ubatizo ni nyeupe tupu, na kamera inayotafuta mistari haioni mstari wowote kwenye kitambaa cheupe, kwa hiyo lenzi inakwenda na kurudi bila kutulia. Elekeza katikati ya kioo mahali ambapo rangi mbili zinakutana, kwa mfano pale ukosi mweupe unapogusa shingo, au nywele zinapogusa paji la uso. Bonyeza nusu hapo, ndipo urudishe kamera upate picha nzima kama unavyotaka. Giza la kanisani jioni linaleta shida ile ile. Mkiweza, simameni upande wa dirishani.

Tunamkumbuka bibi mmoja, mama mzazi wa mwenzetu katika kikundi. Alikuwa mcheshi ajabu, lakini jino la mbele lilikuwa limetoka, na kila alipocheka alijifunika mdomo kwa upande wa khanga. Binti yake alikuwa na kamera ndogo aliyoletewa kutoka nje, na alikuwa na picha za bibi karibu thelathini. Zote ni khanga na macho. Kicheko kilikuwa kinakuja kwanza na khanga baadaye, lakini kamera ilikuwa inafika pamoja na khanga. Alasiri moja tulikaa naye uani tukichambua mchele. Binti alibonyeza nusu kwenye ukingo wa kilemba cha mama yake, akaituliza kamera juu ya goti, akashikilia huku sisi tukizungumza habari za majirani. Ilipita kama dakika moja. Bibi akacheka, na picha ikatoka na pengo lake na mdomo wazi wote. Alikasirika kidogo, kisha akaomba aone tena. Bibi amefariki miaka mitatu sasa. Picha iliyowekwa sebuleni kwa binti ni hiyo, na wajukuu waliozaliwa baadaye wanamjua bibi yao kwa kicheko.

Jambo jingine la kuzima haraka iwezekanavyo ni ile hali ya flashi ya kuzuia macho mekundu, yenye alama ya jicho. Macho huonekana mekundu kwa sababu flashi iko karibu na lenzi, mwanga unaingia moja kwa moja ndani ya jicho na kurudi ukiwa na rangi ya damu iliyo nyuma ya jicho. Ili kuzuia, kamera humulika kwanza ili mboni isinyae, inasubiri, ndipo inamulika tena na kupiga. Kusubiri huko kunaweza kufika karibu sekunde nzima. Tena watu wakiona mwanga wa kwanza wanadhani picha imekwisha kupigwa, wanaanza kuondoka, na picha inawakuta migongo. Zimeni. Macho mekundu yanasafishika baadaye kwenye simu au kompyuta, lakini mgongo haugeuki kuwa uso.

Na kwa kuwa tumefika kwenye macho, tuseme neno la kazi yetu. Macho mekundu yote mawili katika picha ya flashi hayana ubaya. Lakini kama jicho moja la mtoto linatoka jekundu na la pili linatoka jeupe au la manjano katikati ya mboni, na hali hiyo inajirudia kwenye picha zaidi ya moja, msikae nyumbani. Mara nyingine ni pembe tu ya kichwa, mtoto alitazama kando kidogo. Mara nyingine ni mtoto wa jicho, na mara chache ni saratani ya jicho la watoto inayoitwa retinoblastoma, ambayo huwapata zaidi walio chini ya miaka mitano. Ikikutwa mapema hutibika, na maisha ya mtoto huokolewa, mara nyingi na jicho pia. Mpelekeni kliniki ya macho na mwende na picha yenyewe, mkamwonyeshe mganga. Ile hali ya kuzuia macho mekundu inaweza kuificha dalili hii kwa sababu inaisinyaza mboni. Hiyo ni sababu yetu ya pili ya kuizima.

Turudi dukani. Mwaka 2010 viwanda vya kamera viliuza dunia nzima kamera za dijitali zaidi ya milioni 120. Mwaka 2023 hazikufika milioni 10. Simu zimechukua nafasi yake. Maana yake kwetu ni kwamba kamera nyingi ndogo mtakazozikuta kwa bei nafuu ni mitumba au zilizokaa sana dukani, na mbili zinazofanana kabisa kwa sura zinaweza kupishana miaka kumi. Ulizeni jina kamili na namba ya kamera, mwitafute kwenye simu mjue ilitoka mwaka gani. Kati ya ya mwaka 2003 na ya mwaka 2012 zenye bei moja, chukueni ya mwaka 2012 hata kama ina mkwaruzo.

Kisha ipimeni kwa saa. Tangu mwaka 2013 kuna kanuni ya kimataifa ya kupima ucheleweshaji wa kamera, ISO 15781, lakini kwenye boksi hatujakutana na namba hiyo, kwa hiyo tunapima wenyewe. Njia yetu haihitaji kifaa ila simu yako. Fungua ile saa ya simu ya kupimia muda wa mbio, ile inayoonyesha hadi sehemu za mia za sekunde. Iwashe, ilaze kaunta, ielekezee kamera. Zitazame namba zinavyopanda, na saa inapogonga sekunde 5 kamili, bonyeza kwa mkupuo. Fungua picha usome. Ikisoma 5.20, kamera ni nyepesi. Ikisoma 5.90, karibu sekunde nzima imepotea. Rudieni mara tano, kwa sababu kidole nacho kina makosa yake, wala msihangaike na tarakimu ya mwisho ambayo huenda imetoka na ukungu. Baada ya hapo rudieni mkiwa mmebonyeza nusu kwanza, na mwone tofauti. Halafu nendeni kwenye kona ya duka yenye giza mkapime huko, kwa maana kamera ya mama hufanya kazi zaidi sebuleni usiku kuliko kwenye jua.

Kwa maoni yetu, kamera inayotumia chini ya sehemu tatu za kumi kwa mkupuo penye mwanga inafaa kwa watoto wadogo. Ikifika nusu sekunde, iangalieni kwa kubonyeza nusu. Ikiwa hapo inapiga papo hapo, bado inafaa kwa mama aliye tayari kujizoeza. Kama hata kwa kubonyeza nusu inachelewa, irudisheni kaunta, hata muuzaji akipunguza bei. Atapunguza.

Muuzaji anaweza kununa akiona mnapima. Mwacheni anune. Mkiwa hapo, hesabuni pia tangu mnapoiwasha hadi iwe tayari, kwa sababu nyingine huchukua sekunde nne kuitoa lenzi, na mtoto anayeanza kutembea huwa amekwisha kuanguka. Pigeni picha mbili za flashi mfululizo muone inachukua muda gani kati yake. Zile zinazotumia betri za kawaida za duara huchoka haraka, na betri ikichoka flashi huchelewa kujaa. Betri za kuchaji hulipa gharama yake.

Dada wengine watasema, "Mimi natumia simu, hayo hayanihusu." Ni kweli kwa sehemu. Simu nyingi za sasa hutumia ujanja ambao kamera ndogo za zamani hazikuwa nao. Tangu unapofungua kamera, simu inakuwa inapiga picha mfululizo na kuzitupa, na ukibonyeza, inachukua ile iliyokuwepo wakati huo. Galaxy Nexus ya mwaka 2011 ilitangazwa kwa sifa hiyo. iPhone 6s ya mwaka 2015 ilianza kuhifadhi hata sekunde moja na nusu kabla ya kubonyeza. Lakini simu za bei ya chini bado huchelewa, na hata za bei kubwa huchelewa zikiwa kwenye hali ya usiku, kwa kuwa hapo zinapiga picha kadhaa na kuziunganisha. Mtoto asiyetulia atatoka kama moshi. Zimeni hali ya usiku, mwasheni taa. Aidha, ucheleweshaji mkubwa wa simu uko kwenye mkoba: kuitafuta, kuifungua kwa namba za siri, kuitafuta kamera. Simu nyingi za Android hufungua kamera ukibonyeza mara mbili kile kitufe cha kuzimia. Jaribuni kwenye yenu. Na saa ya kupimia inapima simu pia, kwa kuazima simu ya pili.

Wenye uwezo, au wanaotaka kujipatia riziki kwa kupiga picha za sherehe, wanaweza kutazama kamera kubwa za kubadilisha lenzi, hata za mtumba. Ya zamani ya mwaka 2008 yenye lenzi ya kawaida itaishinda kwa wepesi kamera ndogo nyingi, ingawa ni nzito shingoni kwa mama mwenye mtoto mgongoni.

Kinachobaki ni ujanja wa macho, na huo hauuzwi. Mtoto kwenye bembea hutulia kidogo sana anapofika juu kabisa kabla ya kurudi, na anayeruka kamba vivyo hivyo. Bonyeza akiwa anapanda, kamera itamkuta juu. Anayezima mishumaa ya keki hujaza mashavu kwanza, na mashavu yakijaa ndiyo ishara yako. Kwa picha ya familia nzima, tunahesabu kwa sauti "moja, mbili, tatu", lakini tunabonyeza kwenye "mbili". Watu wanajiandaa kwa tatu, picha inatoka kwenye tatu. Kisha msishushe kamera. Wakidhani imekwisha, mabega yanalegea, mtu anasema neno, wote wanacheka. Kama kidole kilibaki nusu, ya pili ndiyo itakayotundikwa ukutani.

Mama mmoja ametuuliza afanyeje, kwani binti yake wa kidato cha tatu anataka kamera ndogo ya mwaka 2005, wenzake wanazo na wanasema picha zake zina mvuto wa zamani. Ni kweli, vijana wamezirudia siku hizi. Kama bei ni ndogo mnunulie, na umfundishe kubonyeza nusu kabla hajavunjika moyo. Angalia tu inatumia kadi gani. Baadhi zilitumia kadi za aina ya xD au Memory Stick ambazo ni taabu kuzipata leo, na nyingi za miaka ile zenye nafasi ya kadi ya SD hazisomi kadi ya zaidi ya GB 2. Kadi kubwa ya simu yako haitafanya kazi humo. Muuzaji akiwa na kadi ya zamani ndani ya kamera, mwambie asiitoe, iwe ndani ya bei hiyo hiyo.